Tatu wa Kibamba na Uso wa Kwenye Madigadi

Kwetu Uvira mtoto hujifunza kusoma kabla hajaingia darasani. Anayetumwa dukani Mulongwe kununua kiberiti, chumvi au sabuni harudi na kitu kingine, ingawa hajui herufi hata moja. Anaijua pakiti kwa rangi yake, kwa mnyama aliyechorwa juu yake, kwa jinsi maandishi yalivyopinda. Bidhaa zinazotufikia zimepita Bujumbura, Kigoma, Kalemie au Bukavu, na maneno yaliyo juu yake ni ya Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili na Kirundi. Si kila mnunuzi anaweza kuyasoma yote. Picha ndiyo inayouza.

Mimi nilikua ndani ya somo hilo, maana mjomba wangu ni mchoraji wa vibao. Kibanda chake kipo kando ya barabara iendayo bandari ya Kalundu. Anaandika majina ya maduka, anachora vichwa vya watu kwenye milango ya vinyozi, anaandika majina ya mitumbwi. Lakini fedha ya kila siku huipata kwa wamotari, yaani vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki. Kila motari hutaka madigadi yake, ule mpira mweusi unaoning'inia nyuma ya gurudumu kuzuia matope, uwe na picha. Mjomba hukata violezo vyake kwa wembe kwenye filamu kuukuu za eksirei, kwa sababu filamu hiyo ni nyembamba, haichaniki, na rangi haipenyi. Kisha hukilaza kiolezo juu ya mpira na kupitisha sponji yenye rangi nyeupe. Kati ya violezo vyake vyote, kilichochakaa upesi kuliko vingine ni cha mtu mwenye nywele ndefu na bereti yenye nyota. Wateja wengine walimwita Che. Wengine hawakujua jina, waliomba tu yule wa nyota.

Katika mwaka wangu wa pili hapa kitivoni, zamu yangu ya kuwasilisha ilipofika katika somo la alama na maana, nilileta darasani madigadi moja ndani ya mfuko. Kwa dakika ishirini nikaisifu picha ile: uchache wa mistari yake, uwiano wa nyeusi na nyeupe, namna inavyotambulika hata ikiwa nusu yake imefunikwa na udongo. Nilipomaliza, mwalimu aliniuliza swali moja tu, kama mtu huyo aliwahi kufika kwetu. Nilijibu kwamba nilisikia alipita upande wa Fizi zamani. Nikaketi nikiwa na aibu, kwa kuwa nilikuwa nimetumia dakika ishirini kwa uso wa mtu bila kutumia hata moja kwa mtu mwenyewe, mtu aliyeishi miezi saba kwenye ufuko wa ziwa letu. Makala haya ni malipo ya deni hilo.

Ernesto Guevara de la Serna alizaliwa Rosario, nchini Argentina, mwaka 1928. Tangu utotoni aliugua pumu, na ugonjwa huo haukumwacha hadi mwisho. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires na kuhitimu mwaka 1953. Kabla ya hapo, mwaka 1952, alisafiri Amerika ya Kusini pamoja na rafiki yake Alberto Granado. Walianza safari kwa pikipiki kuukuu ya Norton iliyowafia njiani nchini Chile, wakaendelea kwa miguu, kwa malori na kwa mashua. Wamotari wa Uvira wanaobeba uso wake hawajui kwamba naye alipata kuhangaika na injini iliyokataa kuwaka.

Mwaka 1954 alikuwa Guatemala, akaona serikali ya Rais Jacobo Árbenz ikiangushwa kwa msaada wa Marekani. Alikimbilia Mexico. Huko, kabla hajawa mtu wa kuhofiwa na yeyote, alijipatia riziki kwa kamera: aliwapiga picha watu mitaani na kwenye bustani, akazisafisha na kuwauzia. Kwa hiyo alijua mapema kwamba picha ni bidhaa, ina bei na ina mnunuzi.

Mexico ndiko alikokutana na Fidel Castro, mwaka 1955, na Wakuba ndio waliomzoesha jina la Che. Sisi wa kitivo cha lugha tunapaswa kulitazama jina hili kidogo. Waargentina hulitumia neno hilo kumwita mtu au kumshtua asikilize, kama sisi tunavyosema we, au ee bwana. Wakuba walimsikia akilisema kila mara wakamgeuzia kuwa jina. Mwaka 1956 aliingia Kuba kwa mashua ya Granma pamoja na wapiganaji wengine, jumla yao 82, akiwa daktari wa kundi. Miaka miwili baadaye alikuwa kamanda aliyeuteka mji wa Santa Clara, na mwanzoni mwa 1959 mapinduzi yakashinda.

Mwezi Novemba mwaka huo aliwekwa kuwa mkuu wa Benki ya Taifa ya Kuba. Noti zilizochapishwa wakati wake zinahitaji kusimuliwa hapa, maana noti ni karatasi iliyochapishwa inayopita mikono mingi kuliko kitabu chochote. Saini ya mkuu wa benki kwa kawaida ni mistari mizito isiyosomeka, imewekwa ili kuipa karatasi heshima. Yeye alitia saini herufi tatu tu: Che. Ni kana kwamba gavana wa benki yetu angeandika We kwenye franka. Wapo walioona dharau na wapo waliocheka, lakini kila aliyeshika noti hiyo alielewa, bila kuhutubiwa, mtu huyo aliionaje fedha. Sijui somo bora zaidi la jinsi alama ndogo kwenye kitu cha kila siku inavyoweza kubeba msimamo mzima.

Picha yenyewe ilipatikana tarehe 5 Machi 1960. Siku iliyotangulia, meli ya Kifaransa iitwayo La Coubre ililipuka katika bandari ya Havana ikiwa na shehena ya silaha iliyopakiwa Antwerp, Ubelgiji, bandari ileile ambayo mali nyingi ya Kongo ilikuwa ikishushwa. Watu wengi walikufa. Kwenye mkutano wa maombolezo, mpiga picha wa gazeti la Revolución, Alberto Korda, alikuwa akipitisha lenzi yake kwenye nyuso za waliosimama jukwaani. Guevara akasogea mbele kwa muda mfupi, akatazama umati, akarudi nyuma. Korda aliwahi kupiga mara mbili. Gazeti halikuitumia picha hiyo. Korda aliipenda, akapunguza kingo zake ili kuondoa sura ya mtu aliyekuwa upande mmoja na majani ya mnazi yaliyokuwa upande wa pili, akaitundika ukutani kwake. Ilikaa hapo miaka saba, na wachache waliijali.

Katika miaka hiyo saba ndimo Kongo inamoingia. Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa Katanga. Mwaka 1964 uasi ulienea mashariki. Kwetu ulianzia katika bonde la Ruzizi mwezi Aprili, na mwezi Mei Uvira ikawa mikononi mwa wapiganaji. Novemba mwaka huo askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville, leo Kisangani, kwa ndege za Marekani. Mwezi uliofuata Guevara, akiwa waziri wa viwanda wa Kuba, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kulaani tendo hilo. Wakati huo serikali ilikuwa imeshairudisha Uvira, lakini milima ya Fizi na ufuko wa Baraka vilibaki kwa waasi. Huko ndiko alikoamua kwenda.

Kwa safari hiyo uso wake ulikuwa mzigo. Alinyoa ndevu, akakata nywele, akavaa miwani mizito na tai, akapigwa picha ndogo ya pasipoti. Jina lililoandikwa lilikuwa Ramón Benítez. Hebu tuziweke picha mbili sambamba: ile ya Korda iliyokuwa ukutani Havana, na hii ya pasipoti iliyokuwa mfukoni. Zote mbili ni za mtu mmoja. Ya pasipoti ilisanifiwa kwa ustadi uleule, lakini kwa lengo la kinyume, ili afisa wa mpakani aitazame na kuisahau papo hapo. Tunapozungumza juu ya sanaa ya vitu vilivyochapishwa, mara nyingi tunasahau kwamba kutoonekana nako ni kazi ya usanifu.

Alifika Dar es Salaam Aprili 1965. Tarehe 24 mwezi huo alivuka ziwa kwa mashua kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, kijiji cha ufukoni kusini mwa Baraka. Kwa ajili ya usiri, Wakuba waligawana majina ya Kiswahili kwa kuhesabu. Víctor Dreke, mtu mweusi aliyeonekana kuwa mkuu wao, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Guevara alichukua Tatu, na wenyeji wakaambiwa kwamba huyo ni daktari anayejua Kifaransa. Mtu ambaye jina lake la kwanza la umaarufu lilikuwa neno la kuitia sasa aliitwa kwa namba. Huenda hakujua kwamba pwani ya Waswahili Tatu ni jina la heshima la wanawake wengi. Baadaye, nyumbani Kuba, uso wake ulichapishwa kwenye noti ya peso 3. Kila ninapoliwaza hilo hutabasamu.

Kiswahili alifundishwa na kijana wa Kikongomani, Freddy Ilanga, aliyekuwa bado na umri wa miaka ya ujana na aliyewekwa kuwa mkalimani wake. Ilanga alipelekwa Kuba baada ya vita, akawa daktari, akafia huko mwaka 2005. Mengi tunayoweza kuyajua juu ya sauti ya Tatu akijaribu lugha yetu yalibaki katika kumbukumbu ya mtu huyo mmoja.

Maisha ya kambini juu ya Kibamba hayakuwa ya posta. Alipata homa kali mara tu alipofika, na pumu ilimsumbua kwenye baridi ya mlimani. Alitibu wapiganaji na wanavijiji. Alisubiri wakuu wa uasi waje kutoka miji ya mbali walikokaa, na Laurent-Désiré Kabila, ambaye miaka 32 baadaye angekuwa Rais wa nchi, alionekana Kibamba Julai kwa siku chache tu. Leonard Mitoudidi, kiongozi aliyemheshimu, alizama ziwani Juni. Wapiganaji wengi walikataa kubeba mizigo kutoka ufukoni kwenda kambini kwa hoja kwamba wao si magari, hivyo masanduku yalipandishwa mgongoni na wakulima. Mwishoni mwa Juni walishambulia Bendera, palipokuwa na mtambo wa umeme. Walishindwa, Wakuba wanne wakafa, na kwa mmoja wao adui akaokota daftari la kumbukumbu. Hivyo karatasi ndogo iliyosahauliwa mfukoni ikafichua kile ambacho ndevu zilizonyolewa na majina ya namba vilijaribu kukificha.

Oktoba, Fidel Castro aliisoma hadharani barua ya kuaga aliyoachiwa na Guevara. Tangu hapo yule mwenye jina lisilojulikana ufukoni Kibamba hakuwa tena na nafasi ya kurudi Havana kama mtu aliyetoka safari. Baraka ilikuwa imeshashambuliwa kutoka ziwani na jeshi la serikali pamoja na mamluki mwishoni mwa Septemba, na mduara ukaendelea kukaza. Alfajiri ya tarehe 21 Novemba 1965 Wakuba walipanda mashua kurudi Kigoma. Wakongomani waliotaka kupanda nao hawakutosha ndani, wengi wakaachwa. Jambo hilo lilimuuma, na alilikiri. Siku tatu baadaye Mobutu alitwaa madaraka Kinshasa, ambayo wakati huo iliitwa Léopoldville. Guevara alijificha katika ubalozi wa Kuba Dar es Salaam na kuandika habari za miezi ile saba. Tangu mwanzo wa maandishi hayo anakubali kwamba anasimulia jambo lililoshindikana. Hayakuchapishwa hadi miaka ya 1990.

Mwaliofuata mnaufahamu. Aliingia Bolivia mwaka 1966 kwa pasipoti nyingine ya bandia, safari hii akiwa mzee mwenye upara, na katika hoteli ya La Paz alijipiga picha kwenye kioo, mpiga picha wa mitaani akiukagua uso wake mpya. Alikamatwa tarehe 8 Oktoba 1967, akauawa kesho yake katika kijiji cha La Higuera. Maiti yake ilionyeshwa kwa waandishi wa habari, mikono ikakatwa ili alama za vidole zithibitishe kuwa ni yeye, kisha akazikwa kwa siri. Mifupa ilipatikana mwaka 1997 na kupelekwa Santa Clara. Mtu aliyefaulu mno kujibadilisha uso, wauaji wake hawakuuamini hata alipokufa.

Hapo ndipo picha ya ukutani iliposhuka. Mwaka 1967 mchapishaji wa Kiitaliano, Giangiacomo Feltrinelli, alipewa nakala na Korda bila malipo. Baada ya kifo aliichapisha kama posta na kuieneza Ulaya. Mwaka 1968 mchoraji wa Ireland, Jim Fitzpatrick, alitengeneza toleo ambalo ndilo mama wa fulana, stika na madigadi zote. Aliondoa kijivu chote kilichokuwa kwenye picha ya Korda. Kila sehemu ya uso ililazimika kuchagua: iwe nyeusi au isiwepo. Nyuma akaweka nyekundu, na nyota ya bereti akaipaka manjano. Hakudai hakimiliki, alitaka isambae. Ikasambaa.

Sasa naweza kurudi kwenye kibanda cha Kalundu na kueleza vizuri zaidi kile nilichokisifu darasani. Anayekata kiolezo ana adui mmoja, nacho ni kisiwa. Kipande chochote cha filamu kilichozungukwa na tundu pande zote hudondoka, kwa hiyo lazima kiunganishwe na kingine kwa daraja. Lumumba ni mgumu kukata, mjomba alinieleza, kwa sababu ya miwani: fremu zikizungukwa na mwanga wa uso hubaki visiwa viwili, na ukiweka madaraja mengi anaonekana kama mtu aliyefungwa kamba usoni. Uso wa Che una bahati. Nywele, bereti, ndevu na kivuli cha shavu vimeshikamana na kuwa weusi mmoja usiokatika. Mpira wa madigadi tayari ni mweusi, hivyo mchoraji anahitaji kupaka nyeupe mahali pachache tu: paji la uso, shavu, pua, shingo na nyota. Jicho moja mjomba ameliunganisha na kivuli kwa uzi mwembamba wa filamu. Ukilitazama kwa karibu ni kosa. Kwa mbali ni kunyanzi la mtu aliyekosa usingizi, na linampendeza.

Tena macho hayamtazami mtazamaji. Yanaangalia juu, kupita bega lako. Picha ya mgombea kwenye bango la uchaguzi hukukodolea macho ikiomba kura. Huyu haombi kitu. Ndiyo maana anaweza kuwekwa nyuma ya pikipiki, kwenye fulana, kwenye mlango wa kinyozi, na asionekane amekosea mahali. Na kwa kuwa kila kitu chembamba kilishaondolewa, hakuna kinachobaki cha kuharibika. Jua likiipausha, tope likiifunika nusu, nyota na umbo la nywele vinatosha. Posta nyingi zimekufa kwa kunakiliwa vibaya. Hii ilizaliwa kwa namna ambayo nakala mbaya nayo hufanya kazi.

Hayo yote bado nayaamini. Ila sasa naona kwamba sifa hiyo ndiyo bei yake. Picha imedumu kwa sababu imeondoa kijivu, na miezi saba ya Kibamba yote ni kijivu: homa, kungoja, kutosikilizana, masanduku yaliyobebwa na wasioandikwa popote, watu walioachwa ufukoni alfajiri. Mwaka 2000 Korda mwenyewe alishtaki wakala wa matangazo aliyeuza vodka kwa picha yake. Hakupinga isambazwe na wanaopenda alichokipigania marehemu, alipinga isiuze pombe. Walipatana, na fedha aliyolipwa akaitoa kwa ajili ya matibabu ya watoto Kuba. Alifariki mwaka uliofuata. Alijua kwamba picha iliyopunguzwa kiasi hicho haiwezi tena kujitetea, inahitaji mtu wa kuisemea.

Likizo iliyopita nilirudi Uvira. Babu yangu, mdogo wake bibi mzaa mama, alikuwa amekuja kutoka upande wa Baraka kutibiwa, na alikuwa ameketi kibandani kwa mjomba. Utotoni, mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa waliopandisha masanduku mlimani. Nilimwonyesha kiolezo na kumwambia kwamba huyo ndiye Tatu. Alikishika, akakielekeza kwenye mwanga, akaona mbavu za mgonjwa fulani zilizobaki kwenye filamu nyuma ya uso ule. Akakataa. Wageni wenye majina ya namba aliwakumbuka, wengi wao weusi kama sisi ila hawakujua lugha. Wazungu walikuwa wachache, wamekonda, kofia imewafunika macho. Mwenye nyota hakumwona kamwe. Sikubishana naye. Sijui ni yupi aliyemwona, na mtu aliyekuwapo Kibamba hakuwa na sababu ya kuutambua uso ambao mwenyewe alikuja akiuficha.

Kisha akatueleza jambo ambalo hata mjomba hakuwahi kulisikia. Kaka yake mkubwa aliondoka na wapiganaji kuelekea upande wa Bendera na hakurudi. Hakuna picha yake. Kadi yake ya ubatizo iliungua pamoja na nyumba. Babu alitaka kujua kama mjomba, ambaye hutengeneza uso kwa wembe, angeweza kumtengeneza na huyo. Mjomba alifikiri muda mrefu, akamjibu kwa upole kwamba wembe huondoa tu, haujui kuongeza, na bila picha ya kuanzia hakuna cha kuondoa.

Siku mbili baadaye tulishuka ufukoni. Mjukuu mmoja wa babu alikuwa na mtumbwi mpya usio na jina. Mjomba aliandika ubavuni jina la yule kaka kwa herufi kubwa nyeupe zenye kivuli chekundu, zilezile anazotumia kwa maduka, na kwa kuwa jina lilikuwa refu kuliko nafasi, aliibana herufi ya mwisho. Babu hajui kusoma. Aliomba aonyeshwe linapoanzia na linapoishia, akapitisha kidole juu yake rangi ikiwa bado mbichi, kwa hiyo herufi mbili zina alama ya kidole chake. Mjomba alitaka kuzipaka upya, babu akamzuia. Mtumbwi huo sasa unavua ndagala kati ya Baraka na Ubwari. Ukienda upande huo, utausoma.